Kifuniko cha Kisima cha Ummu Lubaba

Inasimuliwa kwamba katika kitongoji kimoja cha milima ya Yemeni aliishi seremala mcha Mungu, Yazid bin Muhajir, ambaye uzee ulimchosha hata kusimama kwa sala kukawa mtihani. Kila siku alimwomba Mola wake mapumziko, na kila siku alizidi kuletewa kazi.

Siku moja alimjia mjane, Ummu Lubaba. Mwanawe wa kiume alikuwa ametumbukia kisimani akafa, na tangu hapo alimfunga Lubaba, binti yake mdogo, kwa kitambaa kiunoni mwake mwenyewe, aendako mama na mtoto yuko. Alitaka kifuniko cha kisima hicho.

Kwa magoti yake mabovu, Yazid hakuthubutu kuinama juu ya kina kile apime upana. Akauzungushia ukingo kamba kwa nje, akapata mzingo wa dhiraa kumi na moja. Sasa atafute nusu ya upana, kutoka kitovuni hadi ukingoni. Njia aliijua: uzidishe mzingo kwa saba, ugawe kwa arobaini na nne, upate dhiraa moja na robo tatu. Lakini mwili ulikuwa hoi. Akajisemea ni yale yale, akaugawa mzingo kwa saba basi, akapata moja na nusu na kitu kidogo. Akakata mbao zote.

Kifuniko kilipowekwa, kilishika ukingo kwa ncha tu. Mtoto angekiparamia, kingeteleza naye. Hakuna aliyeona ila Yazid. Majirani walimshukuru Mwenyezi Mungu, wakamwombea fundi baraka. Naye, maskini, hakutamani ila mkeka wake. Mbao zilikuwa zimekwisha, na wazo la kuanza upya lilimliza moyoni.

Ndipo akamwona Ummu Lubaba akifungua fundo la kile kitambaa.

"Usimfungue, mama," alisema Yazid. "Kifuniko hakitoshi. Nilichoka, nikaikata hesabu njiani."

Mjane akalikaza fundo. Yazid akajikokota hadi kwake, akaung'oa mlango wa nyumba yake, akaupasua mbao, akaunga duara jipya, safari hii kwa hesabu kamili. Lubaba akafunguliwa, akakimbia. Mzee yule aliishi bila mlango hadi umauti ulipomfika, Mola amrehemu.

Enyi wapendwa, mchovu husamehewa mengi. Ila uchovu wetu tusiulipie kwa roho ya mtoto wa mwenzetu.