Kaburi Alilolichimba Mtaula

Amuuzaye mtani huzika peke yake. Wengi huitamka methali hii kwa wepesi, wakiwa wanapepeta mchele au wanafunga kamba za kiatu. Sisi wa nyumba ya Mtaula hatuitamki. Tukiisikia kwa wengine tunainamisha macho na kujifanya tuna shughuli.

Juzi, tulipomzika kaka yangu Bakili, methali hiyo ilisemwa uani kwetu. Watani walikuwa wamekuja kutoka ng'ambo ya mto Lumesi. Mmoja wao alilala ndani ya kaburi kabla ya maiti, akasema hatoki mpaka aletewe kuku. Alipotoka akavaa koti la marehemu, lile la kahawia alilokuwa akiendea msikitini, akazunguka nalo uani akiiga mwendo wa Bakili na kikohozi chake. Mjukuu wangu Twaibu, ambaye hajawahi kuona mambo hayo katika mazishi yetu, alimwendea kwa ngumi. Binamu yangu wa upande wa mama, Chande, akamshika mkono na kumwambia maneno hayo. Twaibu akashusha ngumi, ila sura yake ilionyesha kwamba hakuelewa kitu.

Leo asubuhi tulikuwa tunasugua masufuria ya msiba kwa majivu ili tuyarudishe kwa wenyewe. Yeye na dada yake Shamila wakaniuliza methali ile ilitoka wapi. Ningeweza kusema sijui. Nina miaka sabini na sita, na mara nyingi nimeulizwa nikasema sijui. Safari hii nikawaambia ilizaliwa hapa nyumbani, na aliyeizaa ni babu yangu mzaa baba. Kisha nikawasimulia kama yeye alivyonisimulia, nikiwa msichana, yeye akiwa mzee wa mikono inayotetemeka.

Zamani hizo nchi ilikuwa chini ya Wadachi, ndio hao Wajerumani mnaowasoma shuleni. Walikuwa na boma la mawe kule Ndunje, na shamba la pamba lililoanzia bomani mpaka karibu na mto. Kengele ya chuma ikigongwa, kila nyumba ilitoa mtu wa kulima bure. Aliyechelewa alilazwa kifudifudi akachapwa kiboko mbele ya wakwe zake. Babu yangu Mtaula alikuwa mnyapara wa shamba hilo. Hakuchapa watu yeye mwenyewe, alipenda kulisema hilo, lakini aliyewataja waliochelewa ni nani?

Basi watu wakachoka, wakaingia msituni. Mwanzoni Bwana wa boma aliwaita wezi wa mihogo. Wakachoma ghala la pamba. Wakakata waya wa simu, na wanawake wakajitengenezea bangili. Kijiji cha Mkomoa kikaacha kupeleka watu shambani, kisha Nanjaru, kisha vyote vya upande wa mlima. Askari waliozoea kutembea wawiliwawili wakawa hawatoki ila ishirini kwa pamoja, baadaye hawatoki kabisa ila mchana kweupe, na kabla ya alasiri lango limeshafungwa. Watu wetu walifurahi moyoni na kunyenyekea usoni. Kila mtu alijua boma linakuwa kisiwa.

Bwana naye alipoona hivyo akawa mkali kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Akakamata vijana watano waliokutwa na bangili za waya, akawafunga minyororo, akatangaza kwamba watanyongwa. Mmoja wao alikuwa Chipalo, mdogo wake Mtaula, tumbo moja. Mtaula akaenda kumwombea. Bwana akamjibu kwa mkalimani, "Niletee neno linalofaa roho ya mtu, nami nitakupa mtu." Mtaula akarudi mikono mitupu, maana hakuwa na neno lolote.

Siku ya tatu akafa mjomba wao. Watani wakavuka mto, wakiongozwa na Kandulu.

Hapa nikamgeukia Twaibu, nikamweleza alichokuwa hakijui. Katika nchi yetu ukoo haugusi jembe kwenye kaburi lake. Mwenye msiba hukaa chini akalia. Mtani ndiye anayechimba, anayeosha, anayezika, na anayechekesha ili walio hai wasimfuate maiti. Kwa sababu hiyo mtani ana haki ya kusema lolote, na neno lake halichukiwi. Neno lake pia halitolewi nje ya msiba, linabaki pale kama majivu ya jiko la matanga. Na mtani akikutania, humwachi bila jibu. Ukimwachia kimya, umemwambia ninyi si watani tena.

Kandulu alikuwa fundi wa mchezo huo. Alivaa kanzu ya marehemu, akafunga kitambaa jicho moja kumwiga Bwana wa boma mwenye chongo, akawaamuru wajane walime pamba juu ya mkeka. Watu waliokuwa wanalia wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kisha akamsimamia Mtaula mbele ya wote.

"Mnyapara!" akasema. "Jumatano usiende shambani. Tunakuja kumvunia Bwana pamba yake kwa moto. Tutapita kivuko cha Mikuyu, na tukirudi tutakula kuku zako wote, maana wamenona kwa jasho letu."

"Mkija na njaa hiyo mtakula na manyoya," Mtaula akamjibu, na watu wakazidi kucheka.

Lakini babu aliniambia kwamba alimtazama Kandulu machoni na kuona hakuwa anacheka. Alikuwa anamwokoa. Alijua Jumatano mnyapara atakuwa katikati ya pamba, na risasi haibagui, akatumia haki yake ya msiba kumwonya mtani wake mbele ya watu mia bila mtu kujua. Mtaula alielewa yote hayo palepale. Hakukosea kusikia, wajukuu zangu. Alisikia vizuri sana.

Asubuhi yake akashika njia ya bomani. Mama yake, Binti Chinguo, alikuwa anaanika mtama.

"Unakwenda wapi, na matanga hayajaondoka?"

"Namfuata mdogo wangu, mama."

"Kwa miguu au kwa mdomo?"

Mama akaweka ungo chini. "Mwanangu, nina watoto wawili, na yule aliye kwenye mnyororo namlilia kuliko unavyomlilia wewe. Lakini nina kaburi moja tu, na najua nani wa kulichimba. Usininyang'anye."

"Nisipokwenda watamnyonga."

"Najua," mama akasema, akaanza kulia. Mtaula akapita kando yake, akaenda.

Bwana alimsikiliza, akamrudishia jibu kwa mkalimani: "Neno hili likiwa kweli, Alhamisi ndugu yako atakuwa kwenu." Jumatano askari walijilaza kwenye matete ya kivuko cha Mikuyu. Watu wa msituni walipofika katikati ya maji walipigwa. Kumi na mmoja walikufa mtoni, na Kandulu akakamatwa akiwa hai, mguu umevunjika.

Mtaula aliitwa bomani amtambue. Alidhani atamwonyesha kwa mbali. Wakamsimamisha mbele yake, hatua mbili tu.

"Ndiye huyu?" mkalimani akauliza.

"Ndiye."

Kandulu akamtazama. Midomo ilikuwa imepasuka, lakini akatabasamu. "Mtani," akasema, "kama hukutaka kuku zako waliwe, si ungeniambia tu?"

Askari weusi waliokuwepo walijua desturi, wakasubiri. Babu alisema alitafuta jibu, dogo tu, hata la kijinga, na ulimi ukawa mzito mdomoni.

"Jibu basi," Kandulu akasema, sasa hatabasamu. "Mtani haachwi bila jibu."

Mtaula akatazama miguu yake. Wakamwondoa Kandulu, wakamnyonga langoni mchana ule ule.

Bwana hakuvunja ahadi yake. Alhamisi Chipalo akafika nyumbani, vifundo vya miguu vimechunika. Mama akampakulia ugali. Kabla hajanawa akauliza ameachiliwaje wakati wenzake wanne wamebaki. Akatazama uso wa kaka yake, kisha wa mama yake, akasimama. Hakula. Alitoka mlangoni akashika njia ya msituni, na Mtaula hakukaa naye tena chini ya paa moja.

Mnadhani usaliti ule uliwazuia watu wa msituni? Hata kidogo. Waliolegea waliona aibu ya kubaki nyuma wakati Kandulu amenyongwa akitania. Haikupita miezi miwili Ndunje yote ikawa yao, na Wadachi wakatoka bomani adhuhuri moja wakaacha hata kengele. Walirudi baadaye na bunduki nyingi zaidi wakaiteketeza nchi, lakini hayo mtayakuta vitabuni.

Siku ile ya ushindi watu wa msituni walipita hapa kijijini. Mtaula akakaa barazani akiwangoja wamuue. Aliniambia alikuwa ameshavaa nguo safi. Wakapita mbele yake mmoja mmoja, Chipalo akiwa kati yao, wasimwangalie. Mkuu wao alipoulizwa akasema, "Huyu tumwachieni mwenyewe. Hana mtani." Wakaenda zao. Babu alisema angependa wangempiga.

Masika yaliyofuata Binti Chinguo akafariki. Mtaula akapeleka taarifa ng'ambo ya Lumesi kama desturi inavyotaka. Watani wakaja. Walikuja wengi, wanaume kwa wanawake, wakakaa kwenye ukingo wao wa mto, unaoonekana toka makaburini kwetu. Hawakuvuka. Hawakumtukana, hawakumcheka, hakuna aliyetia hata neno moja. Walikaa tu wakitazama. Majirani wa huku nao wakaogopa kushika jembe ambalo watani wamelikataa.

Mama hawezi kuachwa juu ya ardhi. Mtaula akachukua jembe lake la shamba la pamba, akaanza kuchimba kaburi la mama yake mzazi kwa mikono yake, akilia, huku maji ya mvua yakiingia shimoni. Hakujua kazi ile. Kaburi likaenda upande, akalinyoosha, likaenda upande mwingine. Alipomaliza alikuwa ndani mpaka mabegani. Ndipo akafanya jambo lililomuuma kusimulia kuliko la kivukoni. Akalala chini kwenye matope, kama anavyolala mtani, akasema kwa sauti, "Sitoki mpaka mniletee kuku."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeleta kuku. Mvua ikaendelea kunyesha.

Baada ya muda akatoka mwenyewe. Akiwa anamteremsha mama, yeye na mkewe tu, mwanamke mmoja mzee akasimama ng'ambo ya mto. Alikuwa mama yake Kandulu. Hakupaza sauti sana, ila maji yanabeba maneno. Akasema, "Amuuzaye mtani huzika peke yake." Kisha wote wakainuka wakaenda zao.

Tangu siku hiyo nyumba yetu imejichimbia. Babu alichimbiwa na wanawe, baba alichimbiwa na kaka yangu Bakili. Mimi nimeolewa, nimezaa, nimezika, na kila msiba nilikuwa natazama njia ya mtoni nikijua hakuna anayekuja. Juzi walipotokea na majembe begani nilidhani macho yananidanganya. Yule aliyelala kaburini, Twaibu, yule uliyetaka kumpiga ngumi, ni kitukuu wa Kandulu. Nilimuuliza kwa nini wamekuja baada ya miaka yote hii. Akaniambia, "Tumesikia kuku zenu bado wamenona." Nikaingia ndani nikalia, na kusema kweli sikumlilia Bakili.

Twaibu aliacha sufuria. Uso ulikuwa umemshuka. Kabla hajasema kitu, tukasikia kikohozi cha Bakili mlangoni, na yule mtani akaingia na koti lake la kahawia.

"Nimefuata suruali," akasema. "Koti peke yake linaniaibisha."

Akamkazia macho Twaibu. Nilijikuta nimeshika ukindu wa mkeka niliokalia kwa nguvu mpaka unanichoma.

"Suruali utapata," Twaibu akasema polepole. "Ila kwanza rudisha kikohozi cha babu. Hicho hatukukupa."

Mtani akacheka mpaka akashika ukuta. Nikajifunika uso kwa kanga. Jibu hilo Kandulu aliliomba bomani, likachelewa zaidi ya miaka mia.

Twaibu akaenda kumkamata kuku. Shamila akaninong'oneza, "Bibi, sasa aibu imekwisha?"

Nikamwonyesha makaburi yetu nyuma ya migomba. Yote yamelala sawa, isipokuwa moja la zamani lililopinda, ambalo siku zote nilikuwa nawaambia watoto kwamba ardhi ndiyo iliyohama. Nikamwambia, "Lile ni la Binti Chinguo. Ardhi haikuhama. Amuuzaye mtani huzika peke yake."