Mume wa Mashavu Bwawani

Sogeeni, wanangu, na anayesinzia akanawe uso. Palikuwa na mwanamke aitwaye Mashavu. Mumewe alichota maji ya bwawa la zimwi bila kupiga hodi, na zimwi likamgeuza chura.

Mashavu akaenda ukingoni kulia. Zimwi likatoa kichwa majini. "Mwite mara tatu tu. Akiitika peke yake, mchukue."

Masika yalikuwa yamekolea, na vyura wamejaa bwawani wakitafuta wake. Mashavu akaita, "Mume wangu!" Lo! Bwawa zima likaitika.

Jioni ya pili mayai yalikuwa yametanda majini kama shanga nyeusi. Akaita, "Baba watoto!" Lo! Bwawa zima likaitika tena.

Zimwi likacheka. "Mwanamke wee, kwani mumeo hana jina?"

Alikuwa nalo. Lakini kwao mke hatamki jina la mumewe, na Mashavu hakuwahi kulitia kinywani tangu arusi. Akarudi nyumbani na haya zake, kila siku akisema kesho.

Alipopata ujasiri, mvua zilikuwa zimekatika. Bwawa lilikuwa tope kavu, na vyura wote wamejizika chini. Akapiga magoti. "Mbaruku!"

"Naam!" Sauti moja tu, kutoka chini kabisa.

Mashavu akachimba hadi kucha zikang'oka. Ardhi ilikuwa jiwe. Akaita tena na tena, lakini mara zake tatu zilikuwa zimekwisha, na hakuna aliyeitika.

Nami nawaachia hapo, wanangu, maana naye aliachwa hapo hapo.