Buti Nyeupe za Kwemvule

Akuvuaye viatu hakuviki kilemba. Mmeisikia leo kwenye mkutano wa ushirika, mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Haikutoka kwa mababu. Imetoka hapa hapa Kwemvule, kwenye chumba kile cha jamu chenye mlango wa kijani, na aliyeisema yu hai. Basi ilikuwa hivi, na mniwie radhi nikipandisha sauti, maana kila nikiisimulia damu hunichemka.

Bi Zaituni Shemzigwa alikuwa mwenyekiti wa kina mama waliopika jamu ya mapeasi. Hapo mwanzo walipika peku katika banda la majani, na bwana afya alipopita akawazuia. Chakula cha kuuza hakipikwi hivyo, akasema. Hawakukaa kulia. Walibeba mawe na mchanga kichwani, wakajenga chumba, wakatandika vigae, wakanunua buti nyeupe za mpira, kila mmoja na zake. Ukawa mwiko: asiye na buti havuki kizingiti, hata awe diwani. Bwana afya aliporudi alitoa kibali, na duka kubwa la Arusha likaanza kuchukua jamu yao. Bi Zaituni aliziosha buti zake kila jioni akaziweka dirishani, apitaye azione. Lile banda la zamani wakawaachia mbuzi.

Ndipo wakaja wanafunzi wa chuo kikuu, wengine wa hapa nchini, wengine wa ng'ambo. Walisema wamekuja kuzisaidia biashara za kijamii ziinuke. Kiongozi wao alikuwa Evarist, kijana wa mjini mwenye ulimi wa asali na viatu vya ngozi vilivyong'aa. Walikula makande ya kina mama, wakalala kwenye vitanda vyao, wakaitwa wanangu. Siku ya kuondoka ilipokaribia, wakatoa kamera ya video.

"Mama, tutapigia picha kule bandani kwa mbuzi," Evarist akasema. "Na hizo buti mzivue."

"Kwa nini tena? Si tunapikia humu?"

"Ni picha tu, mama yangu. Waamuzi wa mashindano yetu ya vyuo wakiona vigae na buti, watasema ninyi mmeshajiweza. Tukishinda, tunawaletea mtambo wa kusaga matunda."

Moyo wa Bi Zaituni ulikataa. Lakini aliwaangalia wenzake, viganja vimechubuka kwa kuponda mapeasi, akajiambia kwamba picha haimuumi mtu. Akainama akavua buti. Wenzake wakafuata. Wakasimama kwenye matope na kinyesi cha mbuzi, tena wameambiwa wasicheke.

Picha ile ilishinda. Ikasambaa kwenye simu za watu nchi nzima, na ndani yake ilisikika sauti ya Evarist: "Hawa mama hawakuwa na kitu mpaka tulipofika sisi." Hawakuwa na kitu! Na kile chumba kilijengwa na mashetani? Bi Zaituni aliitazama kwenye simu ya binti yake, akakaa chini kizingitini.

Watu wa Arusha nao waliitazama. Lori lao lilipokuja, badala ya kuchukua jamu lilirudisha ile iliyokuwa dukani. "Wateja wetu wamewaona mnavyopika," dereva akasema huku akiangalia pembeni. Baada yake akaja bwana afya, ametumwa na wakubwa wake wilayani, akatia kufuli kwenye ule mlango wa kijani. Kina mama wakasimama nje ya chumba walichokijenga kwa vichwa vyao, na msimu ule mapeasi yakaozea chini ya miti. Mtambo haukuonekana.

Waliorudi ni wale wanafunzi. Safari hii walibeba kitambaa cha dhahabu, cha kumvika Bi Zaituni kilemba, wamtangaze Mama Shujaa, nayo kamera ikiwa imeshawashwa. Kijiji kikakusanyika. Evarist akakikunjua kile kitambaa, akanyoosha mikono kuelekea kichwa cha yule mama. Bi Zaituni akaudaka mkono wake hewani.

"Kufuli lile umeliona?"

"Nimeliona, mama. Pole sana. Tutalizungumzia baadaye."

"Basi kabla ya kilemba, vua viatu."

Evarist akacheka. "Mama, kuna matope."

"Vua. Ukasimame pale bandani, usicheke. Binti yangu atakupiga picha ampelekee mama yako, awapelekee na walimu wako."

Kicheko kikamkauka kijana wa watu. Akawatazama wenzake, akavitazama viatu vyake. "Sasa mama," akasema kwa sauti ya chini, "watu watanionaje?"

Bi Zaituni akauachia mkono wake.

"Kumbe unajua," akasema. "Siku zote hizi nimekuwa nikikutetea kwa wenzangu. Nikiwaambia ni mtoto, hakujua. Kumbe unajua!" Akakinyakua kile kitambaa akamtupia begani. "Chukua chako uende. Akuvuaye viatu hakuviki kilemba."

Siku ya gulio iliyofuata kina mama walivaa buti zao, wakashuka mlima hadi wilayani, safu ya miguu myeupe barabara nzima. Wakamtoa mkubwa wa afya ofisini, wakampandisha hadi Kwemvule, wakamwonyesha vigae. Kufuli likafunguliwa. Lakini duka la Arusha halijarudi mpaka leo, jamu inauzwa pale gulioni tu, na ile picha ingali inazunguka. Hakuna aliyeifuta.

Sasa wewe Mhina, unayekwenda chuo mwezi ujao, usinitazame hivyo. Nawe utatumwa kwenye vijiji vya watu kusaidia. Nenda, saidia kwa moyo wako wote. Ila ukimkuta mtu amevaa, mpige picha amevaa. Akikataa kilemba chako, usimwite mkaidi. Jiulize kwanza viatu vyake umeviweka wapi. Akuvuaye viatu hakuviki kilemba.