Fuko Aliyelipwa kwa Urefu

Karibuni jamani, sogeeni. Kabla sijaanza, mnamwona yule bwana mwenye koti la kijivu aliyekaa karibu na mlango? Anaitwa Bwana Mwalongo. Mchana aliingia hapa uani na bahasha ya kaki mkononi. Mimi nilipoiona ile bahasha nikajua ni watu wa umeme. Nikamvaa hapohapo. "Mnatutoza hata siku ambayo hatujawasha taa! Nguzo zenu, waya wenu, mikopo yenu, yote mgongoni kwangu! Nani aliwaruhusu?" Nilifoka mpaka nikapaliwa. Bwana wa watu akangoja nimalize kukohoa, akasema polepole, "Mzee Mbilinyi, mimi ni mshenga. Nimeleta barua ya posa ya binti yenu Atuganile."

Nimelala Kigoma, nimekula Lamu, nimepotea Lubumbashi nikiwa na ramani mkononi. Aibu kama ile sijawahi kuipata. Mama Atu akaniambia dawa ni moja tu: mgeni apewe chai, viazi na ngano. Chai amekunywa. Viazi amekula. Imebaki ngano.

Nikisema "Ngano!" nyinyi semeni "Isagwe!"

Ngano!

— Isagwe!

Bado mna njaa nyinyi. Ngano!

— Isagweee!

Zamani, zamani sana, mbuni angali anajaribu kuruka na mimi ningali na nywele, wanyama walikaa kwenye uwanda wa juu wenye baridi ya kukata masikio. Asubuhi nyasi ziliganda. Ukizikanyaga, zinalia kama maganda ya karanga.

Hapo ndipo alipokaa Bi Kwale. Mwaka wa kwanza alitaga mayai saba. Akatoka mara moja tu kutafuta chakula. Aliporudi, mayai yamepoa, halikuanguliwa hata moja. Mwaka wa pili, hivyohivyo. Mwaka wa tatu akasema, "Nikipoteza na haya, sitagi tena."

Sasa, juu mlimani palikuwa na chemchemi ya maji moto. Yanatokota yenyewe, yanafuka mvuke. Wanyama wakasema, "Maji tuyashushe kwa mfereji, yapite chini ya viota na mashimo yetu, tupate joto. Mvuke nao tuupitishe kwenye mianzi, tupikie viazi."

Nani achimbe? Macho yote kwa Fuko.

Fuko akasema, "Kuchimba naweza. Na mianzi nitaitandaza. Lakini mimi na wenzangu tutakula nini mpaka maji yafike?"

Akasimama Buku, yule panya mkubwa mwenye maghala. Akasema, "Nitampa vikapu thelathini vya mtama. Lakini sikilizeni, mtama wangu hauendi matembezi ukasahau kwao. Unarudi. Na unarudi na mtoto mgongoni."

Wakakubaliana kila nyumba itoe kibaba cha mtama kila mwezi. Kwanza arudishiwe Buku, kisha mfereji utengenezwe palipobomoka, kinachobaki ale Fuko.

Fisi akadakia, "Na mimi nichimbe wangu, tushindane!"

Wakamcheka. Chemchemi ni moja. Mifereji miwili ingegawana maji yaleyale, na wao wangelipa mara mbili.

Fisi akasema, "Haya, chekeni. Fuko akiwa peke yake, siku akitaka vibaba kumi mtamkimbilia nani?"

Hata Fisi siku moja moja husema kweli.

Ndipo wakamchagua Kinyonga awe msimamizi. Kwa nini Kinyonga? Kwa sababu ya macho. Moja linamtazama mchimbaji, la pili linamtazama mwenye kiota, na hakuna linalokonyeza.

Kinyonga akatoa hukumu yake ya kwanza. "Kila hatua mia za mfereji, Fuko apate kibaba kimoja kwa mwezi. Na hatua nitapima mwenyewe."

Mnajua mwendo wake: mbele, nyuma, mbele. Kupima kulichukua miezi miwili.

Fuko alichimba mfereji ulionyooka kama mstari wa siafu. Maji yakafika. Bi Kwale akatia kidole. "Aii! Umenibabua, Bwana Fuko!" Akacheka mpaka manyoya yakamsimama. Akasema atataga baridi kali ikianza.

Ngano!

— Isagwe!

Baada ya mwezi Fuko akaja kwa Kinyonga. "Mzee, pale korongoni udongo unamomonyoka. Nichimbe mfereji wa akiba, huu ukibomoka maji yapite kule." Kinyonga akaenda, akatazama, akakubali. Na kweli, mvua ilipokuja mfereji wa kwanza ulizibwa pale korongoni, ule wa akiba ukawaokoa.

Lakini Fuko alipokwenda kupokea mtama wake, aliona kitu. Chungu chake kilikuwa kimejaa kuliko mwanzo. Akakaa chini. Akafikiri. Kisha akaimba:

*Mfereji mrefu, chungu kimejaa,*
*Mfereji mfupi, Fuko ana njaa!*

Mara ya pili akaja. "Mzee, njiani kuna mwamba. Niuzunguke." Mwamba wenyewe mjusi angeuruka bila kukunja goti. Fuko akauzunguka mara tano, huku anaimba:

*Mfereji mrefu, chungu kimejaa,*
*Mfereji mfupi, Fuko ana njaa!*

Bi Kwale akatia kidole. Maji vuguvugu. Akaenda kulalamika. Kinyonga akapima tena, mbele, nyuma, mbele. "Bi Kwale, hatua ni halali. Sijaibiwa hata moja."

"Mzee, mimi sijali hatua!"

"Nilichopewa nipime ni hatua, mama."

Baridi ikaanza. Yai halisubiri kikao. Bi Kwale akataga saba.

Mara ya tatu Fuko akaja. "Mzee, upande wa magharibi hakuna mtu, lakini wajukuu wetu watakaa huko. Nipeleke mfereji ukazunguke kule, kisha urudi." Kinyonga akasema maneno ya wajukuu ni mazito, akaruhusu. Fuko akachimba konakona kulia, konakona kushoto, konakona ndani ya konakona, anaimba mpaka sauti ikamkauka.

Bi Kwale akatia kidole. Maji baridi.

Akayalalia mayai yake, hakutoka. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu alipojaribu kusimama miguu ilimtetemeka, na mayai mawili ya pembeni yalikuwa yameshapoa. Akajikokota hivyohivyo mpaka kwa Kinyonga, akamwambia:

"Mzee, leo ukija kupima, usije na miguu. Njoo na ulimi."

Kinyonga akaja. Akatoa ule ulimi wake mrefu, akauchovya chemchemini. Moto! Akashuka hadi kwenye kiota cha Bi Kwale, akauchovya tena. Baridi kama jiwe la mtoni. Akabadilika rangi. Akawa kijani, akawa njano, akaishia mwekundu. Wengine walisema ni hasira. Mwenyewe alisema ni aibu.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilimwambia nitampimia jasho, akaniletea jasho. Joto sikuliulizia."

Wanyama wakapiga kelele. "Fuko asipewe hata punje!"

"Msiponipa," Fuko akasema, "Buku nitamlipa nini? Na mfereji ukibomoka nani atauzibua?"

"Na mwingine akija kukopa," Buku akasema, "atakuta nimefunga mlango."

Jicho moja la Kinyonga likamtazama Fuko, la pili likamtazama Bi Kwale. Akasema, "Mfereji ulionyooka, alipwe. Ule wa akiba wa korongoni, alipwe, maana ulituokoa. Konakona, hata punje moja hapana, na asiwatoze wenye viota kwa kuzifukia. Na kuanzia leo, kila mwezi nitachovya ulimi kwenye kiota cha mwisho. Maji moto, chungu kizima. Vuguvugu, nusu. Baridi, Fuko atalamba chungu."

Haya. Fuko aliyekuwa anachimba mwezi mzima, safari hii konakona zote aliziziba midomo kwa siku mbili! Maji yakapita njia iliyonyooka. Bi Kwale akatia kidole. "Aii!" Akaenda kula. Aliporudi, mayai yalikuwa na joto. Kati ya saba, matano yakaanguliwa.

Fuko akaja kiotani, kichwa chini. "Bi Kwale, shemeji yangu, hebu nisaidie kwa Mzee Kinyonga. Nimechimba kwa mikono hii. Zile konakona zangu nizipeleke wapi?"

"Hamia humo."

Ndiyo maana mpaka leo Fuko anaishi gizani, kwenye njia zinazozunguka zisizofika popote, na hakuna anayemlipa.

Ngano hii inatufundisha: ukimlipa mtu kwa jasho atakuletea jasho, ukimlipa kwa joto atakuletea joto. Asiyelipwa kabisa hachimbi, anayelipwa bila kupimwa hachoki kuchimba. Na kabla hujamfokea mwenye bahasha, muulize kwanza ametumwa na nani.

Ngano yangu imesagika. Unga gaweni, pumba niachieni mimi.

Bwana Mwalongo, tumesameheana?

"Tumesameheana, mzee. Ila ng'ombe wa mahari wapungue wawili."

Wawili! Kwa kosa la bahasha? Subiri kwanza, hebu... Mama Atu, umemsikia huyu?

"Nimemsikia. Wamepungua."