Shimo la Pembe ya Kushoto

Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Maana yake ni kwamba taabu za mahali huzijua anayeishi hapo, si aliyekuja kupapima kwa futi. Bwana Archange Kankolongo alifundishwa methali hii tangu darasa la nne. Kuijua aliijua, kuikumbuka ndiko kulikomshinda.

Bwana Archange alikuwa meneja wa ghala la mchele karibu na stesheni ya treni ya Kindu, nchini Kongo. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mpenda vitu vikubwa: simu kubwa, miwani mikubwa, bugali kama kichuguu. Ushirika wa wakulima ulikuwa umejinyima misimu mitatu ili ununue foklifti, ile mashine yenye meno mawili ya chuma ya kunyanyulia mizigo. Zilipatikana mbili: ndogo ya kunyanyua tani moja na nusu, na kubwa ya tani tano. Meneja akapima mlango, dari na vichochoro vya katikati ya magunia. Vyote viliikubali ile kubwa.

"Kubwa njo kubwa, Mama!" alimwambia Mama Euphrasie, kapita, yaani msimamizi, wa wabeba mizigo, aliyefanya kazi humo tangu usichana wake. "Kesho asubuhi natuma barua ya kuiagiza. Na Bénie wako njo ataiendesha."

Bénie alikuwa binti wa pekee wa Mama Euphrasie. Alikuwa amerudi kutoka Lubumbashi na cheti cha udereva wa mashine, cheti alichokibusu mbele za watu bila haya.

"Chefu, umepima sakafu?" Mama Euphrasie akauliza.

"Sakafu njo sakafu, Mama!" Bwana Archange akacheka hadi miwani ikamteleza puani.

Mama Euphrasie akanyamaza, na kilichomnyamazisha ni uongo wa miaka ishirini na miwili. Wakati wa vita, treni ilipokoma kuja na risasi zikawa zinalia mchana kutwa, wabeba mizigo walibomoa zege kwenye pembe ya kushoto ya ghala, wakachimba shimo, wakalifunika kwa mbao na magunia, wakajificha humo na wake zao. Humo Mama Euphrasie alilala siku kumi na moja. Humo alijifungua, kitambaa kikiwa mdomoni, ili wapiganaji waliotembea juu yake wasimsikie. Vita vilipotulia, shimo lilifunikwa kwa mataruma ya mbao ya reli, na juu yake ikapakwa saruji. Waliolichimba walikufa au walihama, akabaki yeye peke yake. Bénie aliambiwa kwamba alizaliwa hospitalini, kwenye shuka nyeupe, masista wakimwimbia. Mama yake hakutaka aitwe mtoto wa shimo. Tena kila mwaka aliunogesha uongo ule: mara masista walikuwa watatu, mara walimpa chai ya maziwa.

Jioni ile, nyumbani kwao Mikelenge, Bénie alishika kifuniko cha sufuria kama usukani, akarudi kinyumenyume jikoni huku akinguruma kama injini. Mama yake alimtazama, akamwona akilini akiipita ile pembe ya kushoto, magunia yamerundikwa mbele yake. Chakula kikamshinda. Aibu ingemchoma, lakini mtoto alikuwa naye mmoja tu, na alimpenda kuliko jina lake mwenyewe.

Kulipokucha alipiga moyo konde. Aliubeba mchi wa kinu hadi ghalani, Bénie akimfuata, akamkuta meneja akiikunja barua.

"Chefu, njoo. Na weye, mutoto wangu, njoo."

Akaigonga sakafu. Katikati ya ghala mchi ulilia ndu, ndu. Kwenye pembe ya kushoto ulilia bwii.

"Chini ya hapa iko shimo," alisema. "Wakati wa vita nililala humu. Bénie, masista hawakukuwa. Shuka hazikukuwa. Nilikuzala humu, mu giza, na nilisikia haya kukuambia."

Wabeba mizigo walipobomoa, taruma la kwanza lilikatika kama muhogo mkavu. Ukingo wa zege ukaonekana: unene wa vidole vinne tu. Wakachimbua katikati ya ghala, wakakuta vinne vilevile. Ilikuwa sakafu ya miguu ya watu, si ya mashine kubwa.

Bwana Archange akavua miwani. "Ile kubwa, bila hata mzigo, iko na tani saba," alisema taratibu. "Mama, ningemuzika mutoto wako." Akaichana barua.

Bénie alikuwa ameshuka shimoni. Walidhani analia. Kumbe amejilaza chali, anapima kama panamtosha.

"Mama, njo hapa ulinizala? Na ile chai ya maziwa?"

"Chai haikukuwa, mwanangu."

"Afazali! Mimi siipendi."

Akapanda, akamkumbatia mama yake, na Mama Euphrasie akalia kama mtoto.

Foklifti ndogo ilikuja kwa treni, na shimo likajazwa kokoto za mto Lualaba. Mashine hubeba kidogo, hivyo huenda na kurudi mara nyingi, wala sakafu haijapata hata ufa. Kila Bénie akiipita pembe ya kushoto hupiga honi mara moja, na mama yake, popote alipo ghalani, huitika, "Ee, mwanangu!" Bwana Archange angali anapenda vitu vikubwa, ila siku hizi huanza kwa kumwuliza Mama Euphrasie ndipo atoe futi. Na mgeni akishangaa ghala lote hilo kununua mashine ndogo vile, meneja humpeleka kwenye ile pembe, akamwambia: kitanda usichokilalia, huwajui kunguni wake.