Ubao wa Nzito

Anayewamba ngoma huishika ngozi mbichi kwa mikono yote miwili na kuivuta. Haivuti kuelekea kwa jirani. Huivuta upande aliko yeye. Wahenga waliliona hilo wakasema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Wala hawakuwa wakizungumzia ngoma. Walimaanisha kwamba binadamu, hata anapokushauri kwa sauti ya upole na mkono begani, aghalabu huyaelekeza mambo pale atakaponufaika mwenyewe. Msomaji anayejiona hayumo miongoni mwao asiwe na haraka ya kujisifu, kwanza asikie habari za Nzito.

Nzito alikuwa mpiga gitaa la besi. Jina hilo alipewa kwa ajili ya sauti ya gitaa lake, maana yeye mwenyewe alikuwa msichana mwembamba kama ufito. Kila alipopanda jukwaani alitandaza mbele ya miguu yake ubao uliojaa pedali, yaani visanduku vya bati vinavyokanyagwa ili kuibadili sauti ya gitaa. Kimoja hukaza sauti, kingine huikwaruza, kingine huiongezea mwangwi. Ubao wenyewe ulikuwa mkubwa hata wenzake wakawa wanamtania kwamba Nzito akitoka kwenda kupiga muziki, nyumba yao hubaki bila mlango.

Mwanzoni mwa wiki, kiongozi wa kundi, mama mmoja mwimbaji asiyependa maneno mengi, aliwakusanya wenzake katika ghala la viti vya kukodisha walimofanyia mazoezi. Kundi lilikuwa limepata mkataba wa kupiga muziki kwenye hoteli za mbali kwa msimu mzima. Nzito aliruka kwa furaha, lakini furaha hiyo haikudumu.

"Gari lina nafasi ya watu wanne na vyombo vyao," kiongozi alisema. "Sisi ni watano. Leo simtaji mtu. Jumamosi tutafanya mazoezi ya mwisho, nitasikiliza, kisha nitaamua. Na kila mmoja aje na mzigo wa kubebeka kwa mkono mmoja. Nzito, ule mlango uache kwenu."

Watu walicheka. Nzito naye alicheka, lakini kwa mdomo tu. Hakuhitaji mpiga ramli kumwambia kisu kingeangukia wapi. Kiongozi hangejiacha mwenyewe, na bila ngoma na gitaa la solo hakuna kundi. Waliobaki ni yeye na mpiga kinanda, kijana waliyemwita Vidole. Mkono wa kushoto wa Vidole uliweza kupiga besi huku wa kulia ukifanya kazi nyingine. Zaidi ya hayo, Vidole ndiye aliyetengeneza kila kilichoharibika kundini, kuanzia spika hadi maikrofoni. "Huko tuendako hakuna fundi," kiongozi alimalizia, na macho yake yakatua kwa Vidole. Nzito aliyaona.

Tangu siku hiyo usingizi ulimpaa. Aliamua kujenga ubao mdogo, mwepesi, wenye pedali chache zilizochaguliwa kwa makini, ili Jumamosi asiwepo mtu wa kusema kwamba besi ni mzigo. Alianza kwa shemeji yake, mume wa dada yake, aliyekuwa seremala.

"Shemeji, nataka ubao mwepesi, wa kuenea kwenye begi la mgongoni."

"Mwepesi wa nini? Chukua huu," seremala alisema, akiburuta kipande cha mbao nyekundu kilichokuwa kimeegemea ukuta. "Huu hauliwi na mchwa hata miaka mia."

"Kwani shemeji, mchwa wanakula muziki?"

Pembeni kulikuwa na kabati jipya la mbao nyekundu ile ile, na Nzito akaelewa kwamba alikuwa akisukumiwa mabaki. Alisimama palepale mpaka shemeji yake akamkatia kipande cha plaiwudi, akikipiga randa huku akinung'unika.

Basi kila aliyesikia habari za ubao ule alikuwa na ushauri. Mpiga solo alimwambia, "Mwangwi niachie mimi. Tukiutia wote wawili, watu watadhani tunapigia pangoni. Nasema kwa faida ya kundi." Nzito akaondoa pedali ya mwangwi. Kiongozi akampigia simu kumwambia kwamba mkwaruzo ulifunika maneno ya nyimbo, kwa hiyo auache, kwa faida ya kundi. Nzito akauondoa. Hata mama yake, ambaye magoti yalimsumbua na alizoea kuegemea bega la bintiye kwenda hospitali, hakunyamaza.

"Kwani ukibaki kuna ubaya gani, mwanangu? Afya yako yenyewe ndiyo hiyo. Safari zinachosha."

"Mama, mimi siumwi."

"Utaumwa."

Nzito aliinamia kazi yake. Alikuwa amebaki na pedali tatu: ya kupatanisha nyuzi, ya kukaza sauti, na ya oktava. Hii ya tatu ndiyo iliyokuwa roho yake. Akiikanyaga, gitaa moja hutoa sauti mbili, moja chini na nyingine juu, na muziki hujaa hata kinanda kisipokuwepo. Hilo ndilo alilotaka kiongozi alisikie Jumamosi. Hakulitamka kwa mtu yeyote, ila hakuwaza lingine.

Kilichomkwaza kilikuwa nyaya. Pedali zikipangwa karibu karibu huhitaji nyaya fupi za kuziunganisha, na za dukani zote zilikuwa ndefu. Mtu pekee aliyejua kuzikata na kuzitia lehemu alikuwa Vidole. Nzito alizunguka mtaa mzima akijadiliana na nafsi yake kabla ya kubisha mlango.

Vidole alimkaribisha bila kinyongo. Meza yake ilijaa vipande vya redio na harufu ya risasi iliyoyeyushwa. Alimtengenezea nyaya mbili fupi, akazifunga utepe mwekundu kwenye ncha kama alivyofanya kwa kazi zake zote, kisha akazipima kwa mita ya umeme, moja baada ya nyingine. Ndipo akautazama ubao.

"Oktava iache," alisema. "Inakula umeme mwingi. Ukiiunganisha kwenye adapta moja na zile nyingine, italeta mvumo. Halafu inagombana na kinanda. Iache tu, dada, kwa faida ya kundi. Au kama ni lazima, iwekee betri yake peke yake."

Ahaa! Nzito alijiambia. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyasikia maneno "inagombana na kinanda" na yale mengine yote yakampita. Mtu anayetaka kiti chako atakuambiaje jambo la kweli? Alishukuru, akabeba nyaya zake, na alipofika nyumbani akaziunganisha pedali zote tatu kwenye adapta moja. Alizibandika kwa mikanda ya kunata, akautikisa ubao, ukatulia. Hakuujaribu kwa sauti kubwa kwa sababu mama yake alikuwa amelala mchana.

Jumamosi ilifika. Ghalani, Nzito aliuweka ubao wake sakafuni. Mpiga ngoma aliuangalia akasema mlango sasa umezaa dirisha. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili Nzito aliikanyaga oktava, na kutoka kwenye spika ukatoka mvumo mkali, kama nyuki aliyefungiwa koponi. Aliiachia, akaikanyaga tena. Nyuki alikuwa palepale. Kiongozi akainua mkono, muziki ukakatika.

"Ni nini hicho?"

Nzito aliutazama ubao wake.

"Msihangaike," Vidole alisema, akiinuka kwenye kinanda. "Mita yangu iko nyumbani, hapo nyuma tu. Naifuata, tuone ni nini." Akatoka mbio.

Nzito alipiga magoti. Alizichomoa nyaya fupi na kuzichomeka tena, akazikunja, akazivuta. Zilikuwa imara, hazikuwa na kasoro yoyote. Ndipo maneno yaliyompita yakarudi: iwekee betri yake peke yake. Katika begi la gitaa alikuwa na betri ya akiba. Aliing'oa oktava kwenye adapta, akaitia betri, akapiga noti moja. Sauti ilitoka safi, nzito, imejaa, hata viti vilivyopangwa ukutani vikatetemeka.

"Ehe!" kiongozi alisema. "Umeipata. Ilikuwa nini?"

Lilikuwa swali dogo, na jibu lake lilikuwa dogo pia: adapta, dada, na Vidole alinionya. Nzito aliliandaa kabisa mdomoni. Lakini alipoinua macho alimwona kiongozi akiutazama mlango aliotokea Vidole, akitikisa kichwa taratibu kama mtu ambaye ameshaamua. Fundi anakwenda kuleta mita. Fundi atakuwa na faida safarini. Nzito aliogopa, na woga ule ndio uliosema badala yake.

"Waya, dada. Mmoja wa hizi fupi. Lehemu haikushika vizuri. Nimeuweka mwingine."

"Si Vidole aliyezitengeneza?"

"Ni yeye." Nzito aliinamia pedali. "Simlaumu. Lakini huko tuendako hakuna fundi mwingine. Nasema tu kwa faida ya kundi."

Maneno yale ya mwisho yalipomtoka, aliyatambua. Aliyasikia wiki nzima vinywani mwa watu, na kila mara aliyacheka moyoni. Alifungua mdomo ayarekebishe. Mlango ukafunguka, Vidole akaingia akihema, mita mkononi.

"Mmeipata?"

"Imepatikana," kiongozi alijibu. "Kaa, tuendelee."

Walipomaliza, kiongozi hakuzunguka mbuyu. Alisema besi ya Nzito imejaza hata pale pa kinanda, kwa hiyo kinanda kitabaki nyumbani. "Na wewe, kaka, nilikutegemea kwa ufundi. Lakini leo lehemu yako imetuaibisha."

Vidole alimtazama kiongozi, kisha akamtazama Nzito. Nzito alikuwa akikunja waya wake mrefu, akiufungua na kuukunja upya. Vidole alikifunika kinanda chake, akafunga zipu, akawatakia safari njema.

Siku ya kuondoka, gari lilisimama mbele ya ghala. Nzito alifika na ubao begini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa amepata alichokitaka. Alikuwa anapandisha mguu garini aliposikia sauti nyuma yake.

"Dada, subiri kidogo." Alikuwa Vidole. "Nionyeshe ule waya ulioharibika. Nikutengenezee kabla hujaondoka, usije ukasumbuka huko."

"Niliutupa," Nzito alisema.

Begi lilikuwa halijafungwa vizuri, na ncha ya ubao ilichungulia. Vidole aliinama, akatazama ndani kwa muda mfupi.

"Nilikutengenezea mbili," alisema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. "Zote mbili zipo, na tepe zangu nyekundu."

Nzito alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nilikuambia uiache oktava kwa sababu mbili," Vidole aliendelea. "Ya umeme ilikuwa ya kweli. Ile nyingine ilikuwa ya tumbo langu." Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka. Kisha akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwenye karatasi, akamtia mkononi. Ilikuwa betri mpya. "Chukua. Oktava humaliza betri upesi."

Aligeuka akaenda zake. Nzito alipanda garini, akaketi kwenye kiti cha nne, betri kiganjani. Angeweza kumwita. Gari lilikuwa halijawashwa, na Vidole alikuwa bado hajafika kwenye kona.

"Amekupa nini?" kiongozi aliuliza kutoka kiti cha mbele.

"Betri."

"Ana roho nzuri yule. Betri ya nini tena?"

Nzito aliangalia dirishani. Dereva akawasha injini, na Vidole akapinda kona.

"Ya akiba tu, dada," alisema.

Kweli, mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.