Wanasesere wa Mwanakheri

Sogeeni karibu, mtege masikio. Hapo kale aliishi mjane mmoja, Mwanakheri, aliyependa wanasesere wakongwe kupita kiasi. Alikuwa nao wa miti na wa matambara, amewapanga kabatini, na binti yake Riziki hakuruhusiwa hata kuwagusa.

Siku moja jini wa kike akamletea wanasesere watatu wa udongo, wakongwe mno, nyuso zimejaa nyufa.

"Nyumbani una mtoto?" jini akauliza. "Maana mtoto akiwachezea hawa, uzee wao humhamia yeye."

Mwanakheri akawatazama kwa tamaa.

"Sina mtoto," akajibu.

Akawafungia kabatini. Lakini siku alipokwenda sokoni akasahau ufunguo, naye Riziki akafungua. Akambembeleza wa kwanza, nywele zikageuka mvi. Akambembeleza wa pili, mgongo ukapinda. Akambembeleza wa tatu, meno yakapukutika.

Mwanakheri aliporudi, aliwakuta wanasesere wanang'aa kama waliofinyangwa asubuhi ile, na bibi kizee ameketi sakafuni.

"Mama," akasema yule kizee, "mbona magoti yananiuma?"

Mwanakheri akapiga ukunga, akawavunja wote watatu. Haikusaidia kitu. Akambeba mwanawe mgongoni, akahangaika naye kwa waganga, mji hata mji. Njiani watu walimpisha kwa heshima, wakimwambia, "Mungu akulipe, dada, kwa kumtunza mama yako."



Hapo ndipo ngano yangu ilipokata pumzi.